Karani wa Kiapo

Kila asubuhi karani wa mahakama hupangusa vitabu viwili vitakatifu kwa leso yake kabla hajapangusa miwani. Kazi yake ni kuwaapisha mashahidi, na ameifanya mpaka maneno ya kiapo yanamtoka kama kikohozi. Shahidi akinong'ona, humwinamia na kumwambia, "Toa sauti, mama. Mungu anasikia, ila hakimu ana masikio mazito." Watu hucheka; yeye hacheki.

Siku hiyo aliyeitwa kuapa alikuwa dada yake. Mwana wa dada huyo alikuwa kizimbani kwa kuvunja duka usiku, na mama alikuja kusema kijana alilala nyumbani. Karani anaishi nao. Alfajiri baada ya duka kuvunjwa, yeye ndiye aliyemfungulia mpwa wake mlango, kijana kashika viatu mkononi. Siku moja kabla ya kesi, kaka na dada walibishana jikoni mpaka chai ikapoa. "Mungu ana huruma, kaka, atanisamehe," dada alisema. "Hakimu je, atanirudishia mwanangu?" Sasa dada alinyoosha mkono apokee kitabu, na karani hakukiachia. "Nipe basi, kaka," alinong'ona. "Usiniaibishe mbele za watu." Hakimu akakohoa. "Karani, mwapishe shahidi." Karani alimtazama mpwa wake, akamtazama dada yake. Kisha akakiweka kitabu juu ya meza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga, akatoka bila kumwinamia hakimu. Askari alitumwa akamwite. Alirudi bila karani, akamkuta dada angali amenyoosha mkono.