Nilipokuwa Mdomo wa Mhubiri

Mwanangu, naikumbuka siku moja kule kwetu Kawetele ambayo hata mama yako sijawahi kumsimulia.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungua milango ya biashara huria. Mitumba ilijaa mjini Tukuyu, na wahubiri wa kila namna nao wakaja. Mmoja aliniteka moyo kabisa. Hakuvaa suti, alitembea peku kwenye matope yetu, na aliweza kukatisha sala akacheka, kisha akaomba ndizi ya kuchoma. Watu walisema huyu ndiye mtu wa Mungu hasa, maana hafanani na wachungaji wetu. Alihubiri kwa Kiswahili tu, Kinyakyusa hakukijua. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, basi nikawa mkalimani wake. Sikufichi, nilipenda kutazamwa.

Siku hiyo mama mkubwa Tusekile, dada yake mama yangu, alijitokeza mbele aombewe. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee mwezi uliotangulia. Nilipomtafsiria msiba huo, mhubiri alimtazama, akacheka, akaniambia, "Mwambie mwanawe amekufa kwa sababu ya ugumu wa moyo wa yeye mama. Akae mbali na wenzake mpaka alainike."

Nilijua si kweli. Mimi mwenyewe nilimuuguza yule kijana hospitalini. Aliuawa na homa ya uti wa mgongo. Lakini umati wote ulikuwa unaningoja. Nikayasema yale maneno kwa Kinyakyusa, tena nikamnyooshea kidole, kama mhubiri alivyozoea kufanya. Watu wakaguna kwa hofu, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba nimeyasema vizuri.

Mama mkubwa alijifunga khanga yake, akaondoka. Tangu hapo wanawake walimkwepa. Hata kwenye misiba ya wengine alikaa peke yake. Mhubiri akahamia kwingine, wala hakuwahi kumuulizia. Nami nilijifariji kwamba watakatifu wana ukali wao, sisi wa kawaida hatuuelewi.

Miezi ikapita ndipo nikamwendea. Nilimkuta akimenya ndizi.

"Mama mkubwa," nikasema, "yule mgeni alikukosea sana."

Hakuinua uso. "Yule mgeni sikumwelewa, mwanangu. Kiswahili chake kilinipita. Maneno yale niliyasikia kwako."

Nilipiga magoti. Akanisamehe, akanipa chakula. Nikamwahidi nitasimama mbele ya watu wale wale niseme ukweli. Jumapili ya kwanza niliona haya. Ya pili mvua ilinyesha, nikashukuru. Alifariki kabla sijasimama. Niliusema ukweli huo kwenye mazishi yake, wakati yeye hawezi tena kuusikia.

Basi nakuusia. Mtu akikuvutia, tazama kwanza anavyomtendea mwenye huzuni asiye na wa kumtetea. Ukatili usiuite hekima kwa sababu umetoka kwa mtu wa ajabu. Ukipewa neno la kumuumiza mwenzio, nyamaza, hata umati ukikungoja; ukishalitamka ni lako. Na ukimwaibisha mtu hadharani, msafishe hadharani, angali hai.

Mungu akujalie ujasiri nilioukosa mimi, mwanangu, na kila anayekuegemea asijute kukujua.