Kitabu Ambacho Nyanya Hakukimaliza

Umeniuliza nimesoma nini siku hizi, na wewe nakujua, ukiuliza hutaki jibu la juu juu. Basi nimesoma viwili. Cha kwanza ni riwaya ya fantasia kuhusu mji ambao mvua yake huwanyeshea waliosamehewa tu. Kisome, ila usikianze usiku kama una kazi asubuhi. Cha pili ni kumbukumbu za mama mmoja aliyestaafu akaamua kuzunguka nchi kwa mabasi, akilala kwa watu na kula alichopewa. Hicho nacho kisome, hata kama mwandishi analalamika mno kuhusu magodoro. Nilipokifunga juzi nilitafuta mtu wa kumhadithia, na aliyenijia moyoni ni nyanya yangu, ambaye hakujua kusoma hata jina lake.

Tuliishi Uriri, mimi na yeye tu, miaka ya tisini. Mama yangu aliuza nguo sokoni Homa Bay na alikuja mwisho wa mwezi. Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa na katoni ya sabuni iliyojaa vitabu, na sharti lake lilikuwa moja: ukirudisha kitabu, unasimama mbele ya darasa na kuwashawishi wenzako nao wakisome. Mimi mdomo nilikuwa nao, kwa hiyo vitabu nilipata. Mazoezi nilifanyia kwa nyanya. Nilisoma ukurasa kimoyomoyo kwa Kiswahili, kisha nikamsimulia kwa Kijaluo, huku yeye akibambua njugu na kutupa maganda pembeni bila kutazama.

Lakini nyanya alikuwa na sheria. Hadithi za kubuni, zile tunazoziita sigana, hazisimuliwi mchana. Ukizisimulia jua likiwaka utadumaa, ubaki mfupi kama kinu. Wakati wake ni jioni, baada ya ugali na omena, dagaa wa ziwani, ndani ya siwindhe, yaani nyumba ya nyanya ambamo zamani wasichana wa boma walilala na kusikiliza. Mchana ni wa habari za kweli. Na tangu Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama, hakuna hiki wala kile, ni Sabato. Nilikaa kanisani nikiimba na wenzangu, mawazo yangu yakiwa kwa mtu fulani niliyemwacha amening'inia kwenye mwamba.

Likizo moja mwalimu alinipa viwili kwa mpigo. Kimoja kilikuwa cha msafiri aliyekwenda nchi za baridi, na mwalimu aliapa kwamba ni cha kweli tupu. Kingine kilikuwa cha kubuni, juu ya mwanamke anayeishi chini ya ziwa na ng'ombe wake. Nikaanza na cha msafiri, mchana, kivulini mwa ghala la mahindi. Nilipofika mahali ambapo ziwa liligeuka gumu, watu wakalivuka kwa miguu na mizigo yao, nyanya aliweka ungo chini. Akasema hiyo ni sigana, tena ya mlevi, nikifunge kabla sijadumaa. Msafiri wa watu akahamishiwa jioni.

Kesho yake, kwa utundu tu, nikamjaribu na yule mwanamke wa ziwani. Nilingoja nifukuzwe. Nyanya aliuliza ng'ombe walikuwa wa rangi gani. Akasema mambo hayo kwao yanajulikana, kule kisiwani ng'ambo ya Mbita alikozaliwa, na kwamba wapo wazee waliowaona ng'ombe wa namna hiyo alfajiri wakitoka majini. Hivyo cha kubuni kikawa habari na kikasomwa mchana kweupe. Nilienda kucheka jikoni hadi uji ukafurika na kuzima moto.

Katikati ya kitabu, mwanamke wa ziwani anaanza kusikia dada yake akimwita kutoka ufuo wa pili. Anamsikia kila jioni, na kila jioni ana kazi, mara kukamua, mara kufagia. Anajiambia kesho. Nilikuwa nasimulia kwa mbwembwe, nikiiga ile sauti ya kuita, nikatambua kwamba njugu hazisikiki tena. Nyanya alikuwa amekaa, mikono mitupu mapajani.

Alikuwa na dada kule kisiwani. Kila mwaka alisema ataenda kumwona njugu zikishavunwa. Zikivunwa, palizi ikamshika, na baadaye nikamshika mimi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, aliniambia kila nilipochelewa kisimani, na mwenyewe alikuwa amengoja tangu walipomzika mama yao. Sasa akasema anaenda Jumapili. Niliogopa. Nilijua akienda hatarudi upesi, na mtu mwingine wa kuniamsha kwa jina langu sikuwa naye. Nikamwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, nikajaribu kumzuia kwa ukweli.

"Dani, hicho ni cha kutungwa. Hakuna aliyeita."

Alinitazama kwa upole.

"Na huyo aliyetunga," akauliza, "alimjuaje dada yangu?"

Akainuka kutafuta kikapu chake.

Jumapili tulipitia Ndhiwa hadi Homa Bay, mama akampa leso mpya, tukaendelea hadi Mbita. Nyanya alitoka kisiwani kwa mtumbwi akienda kuolewa, na hata mazishi ya mama yake aliyaendea kwa mtumbwi. Habari za tuta la mawe lililojengwa baadaye kuunganisha kisiwa na Mbita alizisikia tu. Tulipofika katikati yake, maji huku na maji huku, alisimama na kikapu chake kichwani, akatazama miguu yake, akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema yule msafiri wa nchi za baridi tumwombe radhi.

Dada yake tulimkuta uani akianika omena, macho yameingia ukungu. Hakuuliza ni nani. Alimpapasa nyanya uso, akashuka hadi mabegani, akasema amekonda. Walilia, wakacheka, wakaingia ndani, nikasahaulika nje pamoja na kuku tuliyemleta. Jioni niliwaona kwenye mkeka mmoja wakichambua mchanga kwenye omena, na nikajua nitarudi kwa mama Homa Bay bila yeye.

Asubuhi nilitoa kitabu, nikamwambia zimebaki sura chache, nimsomee ajue kama yule mwanamke alimfikia dada yake. Nilikuwa nalia. Nilitaka sura zile zichukue mwezi. Akanifuta kwa pindo la leso, akaniita nyakwara, mjukuu wake.

"Malizia wewe, nyakwara," akasema. "Mimi nimeshafika."

Alimtunza dada yake hadi akamzika, kisha akabaki na shamba lake, nami nikimtembelea kila likizo. Uriri alirudi siku ya kuzikwa, maana kwetu mke hulala kwa mumewe. Siwindhe yake imeanguka, hata msingi hauonekani. Watoto wa boma sasa hutazama sigana kwenye simu saa sita mchana, na sijaona aliyedumaa. Mimi bado napendekeza vitabu, hata kwa asiyeuliza. Watu hunishukuru, husema ni kizuri, huomba kingine. Lakini sijapata tena msikilizaji kama yule, aliyeinuka katikati ya kitabu, akajifunga leso, akaenda.