Macho Kwenye Kioo cha Treni

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja jioni ile nilipomgombeza jikoni kwetu ughaibuni, Walthamstow. Alikuwa amechelewa kurudi kutoka shule. Nilipokuwa nasema, aliniangalia machoni moja kwa moja, bila kupepesa.

"Unanikodolea macho mimi? Mimi ni rika lako?"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alisema kwamba shuleni, mwalimu akikusemesha, sharti umtazame, la sivyo utaonekana hujali. "Nilikuwa nakusikiliza, Baba."

Nilikolelewa mimi, mtoto akigombezwa hutazama vidole vya miguu yake. Nikampiga kofi moja. "Shusha macho!"

Akayashusha.

Mama yake, aliyekuwa ametoka zamu ya hospitali muda huohuo, alisimama mlangoni na koti bado mwilini. Alishusha pumzi ndefu tu, nami nikajifanya sikuisikia.

Yale macho hayakuinuka tena mbele yangu. Binti akakua, akaolewa. Alikuwa akija Jumapili ananipa chai kwa mikono miwili, sauti yake laini, bapa, kama ile inayotangaza vituo kwenye treni. Wageni walinisifu: "Mzee, wewe umelea!" Nilizifurahia sifa hizo miaka mingi, mjinga mimi.

Mwaka jana, mama yake akiwa ameshatutoka, binti alinipeleka kliniki ya macho. Tulikaa ubavu kwa ubavu kwenye treni. Ilipoingia gizani chini ya ardhi, dirisha lililotukabili likageuka kioo, na humo nikauona uso wake ukielea kama ulio chini ya maji, na wangu pembeni, umezeeka. Alikuwa ananiangalia. Sijui alikuwa ameniangalia hivyo mara ngapi, mahali ambapo sikuwa nimemkataza.

Niliogopa hata kugeuza shingo.

"Mama," nikamwambia yule wa kwenye kioo, maana ndivyo nilivyomwita tangu utotoni mwake, "siku ile jikoni ulikuwa unanisikiliza kweli. Mimi ndiye niliyekosa. Lile kofi halikuwa haki yako."

Treni ilivuma. Kisha taa za kituo zikamwagika ndani na kioo kikawa dirisha tena, watu wakishuka, watu wakipanda. Nikamgeukia. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Niangalie, mama. Tafadhali."

"Usiniambie niangalie wapi, Baba."

Aliyasema kwa Kiswahili, polepole, na sauti ile bapa haikuwemo. Ilikuwa na mkwaruzo, sauti ya mtu.

Milango ikafungwa, giza likarudi, na uso wake ukaelea tena pale mbele, macho yakiwa juu. Kituo chetu kilikuwa bado mbali. Nilikaa tu, nikaangaliwa.