Korosho Zilizo Tumboni Hazihesabiki

Nyumbani kwetu Msambweni kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo maana haifutiki: nazi hukunwa na wasichana. Mvulana atakwea mnazi, ataziangua, atazifua, hata kuzivunja atavunja na madafu atakunywa yeye. Lakini kukalia mbuzi, kile kibao chenye ulimi wa chuma, akakuna mbele za watu? Thubutu!

Asubuhi ya harusi ya mama mdogo palikuwa na nazi thelathini uani, mbuzi mbili, na wasichana wawili: mimi na dada yangu. Binamu zetu wawili wa kiume walikuwa wamejilaza mkekani wakizilinda simu zao zisichoke.

"Mimi leo sikuni," nikasema.

Binamu mkubwa, wa kidato cha nne, ni mtu wa Ukunda na huongea kana kwamba maneno yote ni yake, sisi tumeazima tu. Akacheka. "Basi tucheze poka. Akibaki msichana wa mwisho, sisi tutakuna. Akibaki boi, mtakuna nyinyi, na chai mtatuletea hapa hapa."

Poka, mchezo wa karata, alikuwa ametufundisha mwenyewe likizo iliyopita, ili apate watu wa kuwashinda.

Mwamuzi akawa bibi harusi. Alikuwa amewekwa kitini, hina mbichi mikononi na miguuni, amekatazwa kugusa kitu. Asiyeweza kushika karata hawezi kuiba, hata sisi tulikubali. Kila mmoja alihesabiwa korosho ishirini za kukaanga.

Mama akapita na upawa. "Hiyo si kamari?"

"Kamari ni ya pesa, dada," akajibu bibi harusi. "Hawa wanachezea kazi."

"Haya. Atakayekuna asiniharibie tui."

Mchezo wenyewe ni hivi: unapewa karata mbili za siri, tano zinafunuliwa mkekani kwa wote, na mwenye mkusanyiko bora anazoa korosho zilizowekwa; hata jozi ndogo huishinda ree, karata kubwa kuliko zote, ikiwa peke yake. Ila kabla hujaona chochote, kuna korosho za lazima za kutoa. Sisi tulipatana kwamba kila karai la mahamri likiepuliwa jikoni, za lazima zinaongezeka maradufu.

Dada yangu aliuawa na ushujaa. Binamu mdogo aliuawa na usingizi. Tukabaki wawili, mkubwa na mimi, na dada akawa mgawaji. Binamu alikuwa na rundo, mimi nilikuwa na korosho kumi na nane. Za lazima zilikuwa mbili kwa mmoja na nne kwa mwingine, tukipokezana.

"Dada, anza kukunja mikono ya gauni," akaniambia, akatupia korosho kinywani.

Hapo ndipo wengi hufa kwa adabu. Wanasubiri karata nzuri, na huku za lazima zinawala mbili, nne, mbili, nne, mpaka karata nzuri ikifika haina wa kuipokea. Mwalimu wangu wa hesabu huniita kichwa cha dafu, lakini hili nililiona bila chaki: anayesukuma korosho zake zote kati kwanza ana njia mbili za kushinda, mwenzake akimbie kwa kutupa karata au karata zimshinde. Anayeitikia kwa kuweka zake ana njia moja tu.

Kulikuwa na jambo la pili. Binamu alikuwa akizila korosho zake. Akipata karata mbovu, anatafuna. Akipata nzuri, taya linasimama kama saa iliyokwisha betri.

Basi taya likitembea, nasukuma. "Zote!" Akatupa karata. Raundi moja taya likasimama, nikatupa mimi. Taya likatembea tena. "Zote!" Akatupa.

"Wewe huna kitu, msichana!"

"Lipia uone."

Hakulipia. Alitafuna. Nikafika korosho ishirini na sita, na jikoni karai likachacharika, mahamri karibu yatoke. Dada akagawa. Nikafunua pembe za karata zangu: tisa ya kopa, tisa ya pau. Nikamtazama binamu.

Taya limesimama.

Akili ikaniambia kimbia, ndiyo kanuni yako mwenyewe. Nikatazama zile mbuzi mbili. Nikatazama viganja vya dada yangu, ambavyo tangu Iddi iliyopita vina alama za kukuna. Kama nitakimbia kila taya la mtu likisimama, basi nimekwisha kukalia mbuzi tangu zamani, nazi ndiyo iliyokuwa haijaletwa.

"Zote."

"Nimeitikia!" Akabwaga ree na mfalme.

Dada akafunua moja moja. Nne. Ghulamu. Saba. Mbili. Ya mwisho akaishika mpaka bibi harusi akamfokea, "Weka, mtoto wewe, hina inakatika!" Ilikuwa sita. Tisa zangu mbili zikasimama zenyewe, wima.

Binamu akaruka. "Sijatoka! Mimi nilikuwa na nyingi kuliko yeye!"

Bibi harusi akaamuru zihesabiwe. Zangu ishirini na sita. Zake ishirini na tano.

"Zilikuwa thelathini na kitu!"

"Zilizo tumboni hazihesabiki," nikasema. "Labda uzitapike, tutazipokea."

Akatafuta mtu wa kumtetea. Mdogo wake alikuwa bado amelala. Bibi harusi akainua mikono yake yenye hina, akaielekeza kwenye mbuzi.

Mdogo akaamshwa, na walipokaa, uani paliingia vigelegele kabla hata ya bwana harusi kufika. Binamu alikuna kwa hasira, akafika mpaka kwenye kifuu, tui likatoka la kahawia. Mama aliguna. Wageni waliulizana wali huu una nini, mbona una vidoa?

Mimi nilikula sahani mbili, nikaomba na ukoko.