Sahani ya Pilau Iliyomegwa

Najma alianza kazi kwenye studio ya picha za pasipoti pale Mnazi Mmoja, ambako kutwa alikuwa akiwaambia watu wasicheke. Simu zilipoanza kupiga picha nzuri kuliko mashine ya bosi wake, studio ikafungwa, naye akahamia kwa wateja wasiocheka kabisa: chipsi, mishikaki, baga na kuku wa kukaanga. Migahawa ya Kariakoo inataka picha za mabango, na yeye ndiye wa kuitwa. Mama yake, kule Ilala, humchokoza kila anapotoka.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa wewe mwanangu unatembeza nini?"

"Natembeza chema, mama, kwa wale wavivu wa kunusa," hujibu Najma na kubeba mkoba wake.

Ameridhika, na sioni kwa nini asiridhike. Taa hana, wala hazitaki. Huweka meza karibu na mlango, halafu upande wa pili husimamisha kartoni iliyofunikwa karatasi ya foili ili mwanga urudi kwenye sahani. Wapo wenzake wanaomimina gundi nyeupe wakasema ni maziwa. Yeye hathubutu. Kwake, chakula kikishapigwa picha lazima kiliwe. Kukitupa ni dhambi, na mama yake angejua tu, hata akiwa Ilala.

Kitu kimoja kilimkera. Wenye migahawa walimwita kwa baga, lakini ikifika zamu ya pilau walichukua picha mtandaoni: wali wa watu wengine huko, wenye zabibu kavu na majani ambayo mpishi wa ndani hayajui hata jina. Unaingia umeona kile, unaletewa hiki. Najma aliyekulia kwenye moshi wa pilau za harusi aliona ni tusi. Alitaka bango moja tu Kariakoo nzima ambalo chakula cha nje ndicho chakula cha ndani.

Ndipo Bi Sitara alipompigia simu. Huyu ana mgahawa mtaa wa Gerezani, hapo hapo Kariakoo, katikati ya maduka ya vipuri, na alikuwa anabadilisha bango.

"Nipigie picha ya pilau yangu, mwanangu. Mchapaji anaitaka leo hii. Ikishindikana nachukua ya mtandaoni kama wenzangu, wala usijisumbue."

Najma alikubali kabla mama wa watu hajamaliza kusema.

Ulikuwa mwezi wa Shaabani, na siku hiyo Najma alikuwa amefunga. Alikuwa analipa siku za Ramadhani iliyopita, maana ni wa wale wale wa kungoja mpaka mwezi wa mwisho kabla ya Ramadhani nyingine. Hakumwambia mtu. Funga ni yake na Mola wake, na pia hakutaka kuulizwa mwenye njaa ataona nini kwenye kamera. Kwa kweli huona vizuri zaidi, lakini hilo tuliache.

Mpishi wa Bi Sitara anaitwa Ritha, mtu wa Masasi, mnene, mcheshi, mwenye kovu refu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kulia. Aliweka sahani mezani: pilau ya kahawia, nyama juu, kachumbari pembeni. Mwanga wa mlangoni ukaiangukia vizuri. Najma akainama na kamera yake.

"Onja kwanza, mdogo wangu," Ritha akasema.

"Asante, dada. Nitakula baadaye."

"Kidogo tu. Kwetu mtu hakitolei macho chakula asichokila. Anayekitazama hivyo ana lake jambo."

"Sijisikii kula tu, dada."

Loo, uongo ulioje! Tumbo lenyewe lilinguruma kumkanusha. Ritha akautazama ushungi wa Najma, akaitazama sahani, kisha akaivuta kwake.

"Sema tu ukweli. Hutaki kwa sababu kimepikwa na Ritha. Nyama amechinja ustadhi wa hapo nyuma, na Waislamu nawapikia hapa miaka yote, hakuna aliyenikataa. Leo wewe?"

Najma angeambiwa picha zake mbaya, angecheka. Hili lilimuuma, na liliuma zaidi kwa kuwa alimwona Ritha naye ameumia. Mwanga ulikuwa unasogea, na bango lake alilolitamani lilikuwa linaondoka na sahani ile.

"Dada Ritha, nimefunga. Nalipa siku zangu."

"Siku zipi?"

"Za Ramadhani. Zile zinazotupita sisi wanawake."

Ritha akatua sahani, akajipiga paja. "Jamani! Mbona husemi? Nakuona una roho mbaya, kumbe una njaa!" Akacheka mpaka fundi wa duka la jirani akachungulia. "Lakini desturi ni desturi. Basi nakuonjea mimi."

Akanawa, akaketi, akamega tonge. Wali ulipofunguka moshi ukapanda, na ule mkono wenye kovu ukabaki umeinuka kwenye mwanga. Najma hakuwa na muda wa kufikiri. Alipiga.

Bi Sitara aliporudi kutoka sokoni na kuonyeshwa picha, alishika kiuno.

"Haya si makombo, mwanangu? Nani ataagiza sahani iliyokwisha guswa?"

"Nipe mpaka magharibi ndipo uamue, Bi Sitara."

Mwanga wa kupiga nyingine haukuwepo tena mlangoni. Bi Sitara akasonya, akakaa kaunta na kamera mbele yake, akaanza kutafuta pilau kwenye simu. Ritha aliifunika sahani ile ile kwa kawa, na hakuna mteja aliyeruhusiwa kuisogelea.

Adhana ilipolia, Najma alikunywa maji na kula tende. Ritha akaipasha pilau moto, akairudisha mezani, wakakaa wawili kwa sahani moja.

"Haya, sema sasa. Ikoje?"

Najma akamega upande wake. Akala. Mkono ulikuwa umeshairudia sahani.

Kule kaunta, Bi Sitara aliwatazama, akaitazama kamera, akawatazama tena. Macho hayana pazia. Akainuka, akanawa mikono na kuvuta kiti.

"Sogeeni huko. Picha yenyewe inanitia njaa tangu saa kumi." Akala matonge yake mawili ndipo akasema tena, mdomo umejaa: "Mtumie mchapaji hiyo hiyo."

Bango lipo juu mpaka leo. Lilipotundikwa, Ritha alilipiga picha kwa simu akamtumia mama yake Masasi, na Najma alipopita akaonyeshwa jibu.

"Mkono nimeujua kwa kovu," mama alikuwa ameandika. "Ila pilau imebaki nyingi. Unakula na nani?"

Chini yake Ritha alikuwa amejibu: "Na mdogo wangu. Alikuwa amefunga."