Kitanda cha Binti Yangu na Mpunga wa Bibi Yake

Kitanda alikichagua mwenyewe. Seremala wa Lipangalala alikuwa na vya kila namna, lakini binti yangu wa miaka saba alikwenda moja kwa moja kwenye kile cha mtiki chenye droo mbili chini. Alizifungua, akazifunga, akazifungua tena, mpaka fundi akamwambia, "Basi mama, utazing'oa." Droo moja ilikuwa ya nguo. Nyingine, alisema, ni ya vitu vyake ambavyo hata mimi nisiviguse. Nilifurahi kupita yeye, maana tangu azaliwe alikuwa akilala kwa kubanana na sisi.

Mavuno yalipoisha, mama mkwe akaja na magunia ya mpunga kwenye guta la magurudumu matatu. Bondeni humu kila mtu huweka mpunga ndani akisubiri bei ipande, hilo silibishi. Ila ghala lake lilikuwa limeingia maji, na sakafu ya chumba kipya cha mtoto ilikuwa bado inatoa unyevu. Akakitazama kitanda, akakipiga kofi ubavuni kama ng'ombe wa mnadani, akamwambia mume wangu atoe godoro, magunia yapangwe juu ya chaga.

"Mama, na mtoto?" nikauliza.

"Mpunga ukilala chini unaoza. Mtoto akilala chini anakua tu."

Mume wangu akacheka. Mtu mzima na ndevu zake! Godoro likatupwa sebuleni, droo zikajazwa mbegu, nguo za mtoto zikasokomezwa kwenye kiroba. Binti yangu alipolia, bibi yake akamwambia anayelilia mbao ana roho mbaya. Mimi nikakifunga kile kiroba, kwa sababu mkwe hajibiwi.

Wanunuzi walipokuja miezi kadhaa baadaye, magunia yakatoka. Fundi akabadilisha chaga zilizovunjika, mtoto akarudi kitandani. Droo hakuzigusa tena. Nilimbembeleza, nikamkaripia, akaendelea kutoa nguo zake kwenye kiroba.

Mavuno yaliyofuata tulisikia guta likikata kona. Kabla bibi hajashuka, mtoto alikuwa ameshakunja shuka na anaburuta godoro kuelekea sebuleni, peke yake.

"Shikamoo bibi. Nimeshatoka."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanigeukia akitabasamu. "Sasa huyu umemfunza adabu."

Nilimchukia, na sikuuficha uso wangu. Nyuma yake mume wangu alikuwa ameshabeba gunia la kwanza.