Nilikwenda Mikindani kuangalia majumba ya kale, nikaishia kupora sahani ya mfiwa

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu nimesitasita sana kuuleta kwa sababu najua kuna watu humu watasema ni chai. Semeni tu. Mimi naandika yaliyonikuta, anayeona ni chai alete na andazi lake.

Mimi ni Mngoni wa Songea, fundi simu. Humu mtandaoni nina mdomo, lakini ana kwa ana ni mpole hadi wateja wananionea huruma. Mtu akinipunja, mimi ndiye naomba samahani.

Nina ugonjwa mmoja, napenda majengo ya kale. Nikiona ukuta uliobomoka nasimama kama nimeona pacha wangu. Siku zote nilitaka kwenda Zanzibar, mfuko ukakataa. Nikakumbuka kusini kwetu kuna Mikindani, mji mkongwe wa bandari, nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchonga, boma la Mjerumani kilimani. Nikajiambia kila mtu ana Zanzibar ya uwezo wake.

Nikafunga kibanda, nikapanda basi peke yangu. Tunduru, Masasi, hadi Mtwara mjini, kiuno kimeisha.

Nikapata gesti ya bei poa mitaa ya Chuno. Feni ilikuwa inazunguka ikijisikia. Chakula cha jioni korosho za kukaanga za barabarani, nikashushia maji. Ushauri wa bure: korosho nyingi na maji mengi ni mkataba ambao tumbo halijausaini.

Asubuhi nikaenda Mikindani. Wakuu, pale ni pazuri na hakuna kelele. Nimepiga picha milango miwili mitatu, njaa ikauma. Nikamwona mama mmoja anauza chai na vitumbua, ila anafungasha vyombo kabla hata jua halijapanda.

Nikamuomba anihudumie kabla hajafunga. Wenyeji walikuwa wanamuita Mama Shabani. Akanimiminia chai, akaniuliza nimetokea wapi.

"Songea."

"Kabila lako?"

"Mngoni."

Yule mama akaweka birika chini. Akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Ntani! Jamani, ntani wetu huyu hapa! Nsiba wote tumekosa ntani, leo tunaanua tanga ndio Mungu anamleta!"

Kwa vijana wa mjini mnaodhani utani ni zile picha za kuchekesha, ngoja niwaeleweshe. Sisi Wangoni na watu wa kusini huku, Wamakua, Wayao na wenzao, babu zetu walipigana sana enzi hizo. Vita vikaisha, ukabaki utani. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya mambo ambayo ndugu akiyafanya anafukuzwa. Anamsema marehemu, anaiga mwendo wake, anapora sufuria jikoni, na hakuna wa kumkasirikia. Kazi yake ni kuwatoa wafiwa kwenye huzuni.

Baba yangu alikuwa bingwa wa hayo mambo. Mimi nilikuwa nasimama nyuma ya watu nikiona aibu kwa niaba yake.

Nikamwambia Mama Shabani mimi ni mtalii tu. Hakucheka. Akanisogelea, sauti ikashuka.

Aliyefariki ni jirani yake, Bi Somoe, Mmakua. Mumewe, Mzee Mfaume, tangu wametoka makaburini hajatia kitu mdomoni zaidi ya maji, na hajamjibu mtu yeyote. Shehe kaongea naye, watoto wamelia mbele yake, kimya. Na ni mtu mzima, ana sukari.

"Kaka angu, tumeshazika mmoja," akasema. "Tunaogopa kuzika wa pili."

Hapo nitakimbilia wapi? Nikaacha chai yangu, nikamfuata.

Nyumba yenyewe ni moja ya yale majengo niliyoyafuata kutoka Songea. Kuta nene za matumbawe, mlango umechongwa maua mpaka juu. Sikupiga picha hata moja.

Wanaume wamekaa barazani kwenye mkeka. Mzee Mfaume yuko katikati, amekonda, anaangalia vidole vya miguu yake. Mama Shabani akatangaza kwa sauti ya harusi, "Mngoni amefika!" Kisha akaniacha pale nimesimama na begi mgongoni.

Nikajikaza. Nikasema marehemu alikuwa mchoyo, ndiyo maana ameondoka kabla sijaja kula.

Mtu mmoja akakohoa. Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke. Tatizo simjui marehemu, natukana kwa kubahatisha.

Mama Shabani akaninong'oneza kuwa Bi Somoe alikuwa hajui kuongea taratibu. Akimuita mumewe, mtaa wa pili wanaitika.

Nikajaribu tena. "Jamani, nadhani nimepotea. Niliambiwa nyumba ya Bi Somoe unaisikia kabla hujaiona. Sasa mbona hapa kimya? Au mlimziba mdomo ndipo mkamzika?"

Ndani wanawake wakaangua kicheko, kile cha mtu aliyekuwa analia. Wazee wakatabasamu kwenye ndevu. Nikapata nguvu, nikaanza kumuita Mzee Mfaume kwa sauti kali ya kike, mkono kiunoni, namuuliza kuni ziko wapi. Hata watoto walikuja kuchungulia.

Mzee akainua macho, akaniangalia, akayarudisha kwenye vidole vyake.

Basi binti yake akaleta chakula, ugali wa muhogo na pweza wa nazi. Akapiga magoti, akamwekea baba yake sahani mbele. Mzee akaisukuma pembeni, taratibu, kama mtu anayekataa kitu kwa adabu. Yule binti akabaki amepiga magoti hivyohivyo. Iliniuma, nisiwadanganye.

Sijui nini kilinipanda. Nikavua begi, nikanawa, nikaketi mbele ya mzee, nikavuta ile sahani.

"Mfiwa hataki, mtani anataka."

Nikamega tonge la kwanza. La pili. Yule pweza, wakuu, yule pweza! Nilianza kwa ajili ya msiba, kufika tonge la tatu nilikuwa nakula kwa ajili yangu. Mtu wa korosho na maji anawekewa pweza wa nazi, mnategemea nini? Nikaanza kusifia. Nikasema Wamakua hamna maana lakini mnajua kupika, na leo sibakishi hata mchuzi.

"We Mngoni."

Baraza zima likageuka. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kwa kukaa bila kutumika.

"Babu zako walikuja huku wakabeba mbuzi. Wewe umefuata pweza?"

"Mbuzi waliisha, mzee."

"Toa nkono wako hapo." Akaivuta sahani. "Hili ni pishi la nke wangu. Binti kafundishwa naye. Hujui hata kulila, unalipapia."

Akamega tonge, akalichovya, akala. Akatafuna kwa muda mrefu, machozi yanamtoka, hayafuti. Halafu akamega lingine. Binti yake alijifunika uso kwa kanga. Mimi niliyeletwa kuchekesha watu nilikuwa nalia waziwazi, mchuzi kidevuni.

Alipomaliza nusu akanisukumia iliyobaki. "Maliza. Usiende kwenu kusema Wamakua wachoyo."

Boma la Mjerumani sikufika. Nilishinda pale mpaka tanga likaanuliwa, natumwa maji, natukanwa na vikongwe, natukana na mimi. Mpole wa Songea sikumuona siku nzima.

Wakati wa kuaga mzee alinishika mkono, akawa hauachii.

"Kwa nke wangu umechelewa," akasema. "Kwangu usichelewe."

Nikamjibu kitu cha utani, sikumbuki nini. Nilipofika barabarani nikakaa juu ya jiwe.

Nilichojifunza wakuu: ukisafiri peke yako na pesa ya mawazo, usione haya kutaja kwenu. Mimi niliona nina jina la kabila tu, kumbe kuna watu walikuwa wananisubiri kwa jina hilo. Na mambo ya wazee wetu tunayoyaonea aibu, tuyaangalie mara mbili kabla hatujayatupa.

Namba yangu wanayo. Juzi iliingia simu ya Mtwara, nikaiangalia inaita mpaka ikakatika, nakumbuka lile neno la mzee la usichelewe. Ikaita tena, nikapokea.

Alikuwa mzee mwenyewe. Anauliza Mngoni leo umeiba nini.

Haya, watani wa makabila yote, uwanja ni wenu. Matusi yapokelewa, ila Wamakua mtangulie.